Msemaji wa Pande Zote Mbili

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nasema mtaka cha mvunguni na ainue kitanda. Hapa Goma tumeinama vya kutosha. Tumeinama kwenye madirisha ya ofisi, tumeinama mbele ya walinzi wa mageti tukiwa na CV mkononi, na kitu pekee tulichookota huko chini ni maumivu ya kiuno. Mimi, Dative Mukamazimpaka, mwenye diploma ya État, ile ya kumaliza sekondari, kitengo cha biashara, niliacha kuinama siku nilipokumbuka kwamba nina mdomo.

Mdomo ndio kazi yangu. Nauza maneno ya posa. Kwetu, familia ya kijana ikija kuomba binti, baba wa kijana hasemi, na baba wa binti hasemi. Kila upande unamsimamisha msemaji wake, mzee mwenye kofia na fimbo, na wazee hao wawili wanapigana kwa maneno mbele ya wageni kana kwamba hawajawahi kuonana, hata kama jana walikunywa chupa moja. Mmoja anasema amepotea njia. Mwenzake anamwambia basi rudi ulikotoka. Yule anasema ameona ua zuri nyuma ya nyumba. Huyu anajibu kwamba nyuma ya nyumba hii kuna choo tu. Wageni wanacheka, bia inafunguliwa, na mwisho binti anatolewa.

Zamani hayo yote yalisemwa kwa Kinyarwanda. Lakini siku hizi chini ya turubai moja utamkuta Mnande, Mhunde na Mshi, na wote wanataka kucheka kwa wakati mmoja, kwa hiyo wasemaji inabidi wapigane kwa Kiswahili. Na Kiswahili cha wazee wetu, Mungu awabariki, kinatosha kununua ndizi tu. Basi msemaji ananieleza habari za familia, namtungia maneno, nayasema kwenye simu na kumtumia sauti yangu kwa WhatsApp. Ukimwona mzee wa mtaa wa Katoyi anatembea na nyaya za simu masikioni huku akitingisha kichwa, usidhani anasikiliza muziki. Ananisikiliza mimi.

Sasa, Achille Munezero alitaka kumwoa Charline Umurerwa.

Achille alikuwa logisticien wa ONG, mtu wa kusafirisha mizigo ya shirika la misaada. Alikuwa na jeep, redio kiunoni na beji shingoni, na akipita Katoyi hata mbwa walikuwa wanabweka kwa heshima. Kisha vita vikafika mjini, uwanja wa ndege ukanyamaza, mabenki yakashusha vyuma, na ONG yake ikafunga mlango na kutuachia bango. Achille alikaa nyumbani na beji yake miezi kadhaa. Alikuwa anaivaa hata kwenda kuoga.

Shida ilikuwa baba yake Charline. Papa Édouard Hitimana alilinda mageti ya ma-ONG maisha yake yote, na kwake yeye kazi ni kitu kinachoning'inia shingoni. Kisichoning'inia si kazi, ni kuhangaika. Alikuwa ametangaza katika mtaa wao wote wa Mapendo kwamba Charline hatatoka kwake isipokuwa kwa mkwe mwenye chef na kontra, yaani bosi na mkataba. Aliambiwa kwamba Achille bado ana kazi, na haukuwa uongo. Kwa nani, hapo ndipo hawakumwambia.

Achille alikuwa ameajiriwa na Charline.

Charline ni mfanyabiashara wa Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani cha kwenda Rwanda. Alianza na beseni moja kichwani: jibini la Masisi kwenda Gisenyi, karoti na nyanya kurudi Goma. Leo kuna akina mama wanaovuka kwa ajili yake, na vijana wenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, wanaongoja mizigo yake upande huu. Papa Édouard alikuwa anakula matunda ya biashara hiyo asubuhi na jioni, na aliiita “kabiashara ka kununulia mafuta ya kupaka.” Charline alipomwona Achille anakonda pamoja na beji yake, alimwambia aje amsaidie. Mtu aliyeweza kupitisha malori ya mahema kwenye matope ya Masisi, akaanza kushusha jibini kutoka huko kabla halijatoa jasho. Sasa hoteli za Gisenyi zinampigia Charline simu wiki moja kabla.

“Hiyo usiseme,” aliniambia Mama Apolline, mama yake Achille, aliponiletea kazi. “Utasema ni logisticien ya ONG.”

“ONG gani, mama?”

“Ukifika pale kwa jina, kohoa.”

Nikatunga maneno na kikohozi ndani yake. Nikayatuma kwa Mzee Mbarushimana, msemaji wa upande wa Achille. Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Mzee Habumugisha, msemaji wa familia ya Charline, anataka na yeye atungiwe maneno, tena makali. Nilikubali. Mtu aliyezaliwa mpakani hashangai kuuza pande zote mbili. Niliwafanya washambuliane vizuri sana. Kwa kweli zile zilikuwa kazi zangu bora, zote mbili.

Jumamosi tukafika kwa Papa Édouard. Uwanja wa mawe meusi ulikuwa umefagiwa mpaka unang'aa, turubai limefungwa, kreti za bia zimepangwa kivulini. Charline alikuwa amefichwa chumbani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka: binti haonekani wala hasikiki mpaka atolewe. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa shavu la Mzee Mbarushimana. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi kwenda kung'oa jino, akarudi na shavu kama parachichi la Butembo.

“Muzee, jaribu tu neno moja,” Mama Apolline alimbembeleza.

“Mm-buh,” alisema Mzee Mbarushimana.

Mama Apolline alinigeukia. “Simama wewe. Maneno si ni yako?”

Nikasimama. Chini ya turubai watu wakaanza kunong'ona. Mzee Habumugisha alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

“Wageni,” alisema, “mumekosa wanaume Katoyi?”

“Wanaume wako wengi, muzee. Midomo ndiyo haba.”

Wanawake walipiga makofi. Mzee alitaka kukataa, lakini mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba bia inapata moto, na hoja hiyo ilikuwa na uzito kuliko desturi. Tukaanza.

“Munatafuta nini hapa kwetu?”

“Tumefuata harufu nzuri, muzee. Tulipofika kwenye geti lenu ikatushika pua.”

“Ile ni harufu ya maharagi. Rudini kwenu.”

“Maharagi ya hapa yanasukaka nywele? Tumeona moja imesuka, inachungulia dirishani.”

“Ni mbuzi yetu ile.”

“Basi tupatieni hiyo mbuzi. Sisi hatuchaguake.”

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Nilikuwa najua kila atakachosema kabla hajakohoa, kwa sababu nilikuwa nimekitunga mimi, na kila jibu langu lilimkuta mlangoni. Sijui kama umewahi kucheza ngoma uliyoipiga mwenyewe. Utamu ulinizidi. Nikaruka sehemu nzima ya wajomba, nikaingia moja kwa moja kwenye ng'ombe wa mahari.

Mzee Habumugisha alikuwa bado kwa wajomba. Alitazama juu ya turubai. Alitazama kiatu chake. Kisha, kwa mazoea ya mtu aliyekaa na sauti yangu masikioni wiki nzima, alinigeukia kwa upole kabisa.

“Dative, rudisha nyuma kidogo. Pale kwa ng'ombe ninaanzaka na neno gani?”

Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamjibu.

“‘Ng'ombe tuliwasikia, hatujawaona,’ muzee.”

“Ah, ndiyo. Ng'ombe tuliwasikia…”

Hapo akasimama. Kila mtu akasimama pamoja naye, hata waliokuwa wamekaa. Tukamsikia mtu jikoni akigeuza ndizi kwenye mafuta.

Papa Édouard aliinuka kwenye kiti chake cha heshima. Baba wa binti hasemi siku hiyo, lakini uso wake ulikuwa umeshasema.

“Habumugisha. Unaomba adui maneno ya kumupiga nayo?”

“Édouard, ngoja nikueleze…”

“Mutoto huyu alikutungia?”

“Kidogo tu.”

“Na wale pia aliwatungia?”

Mzee Mbarushimana alisema “mm-buh,” na safari hii tulimwelewa wote.

“Kwa hiyo,” Papa Édouard alisema polepole, “tangu tukae hapa ninasikiliza mutu moja anajibishana yeye mwenyewe?”

“Lakini anajibishana muzuri!” alipiga kelele jirani mmoja wa Kinande kutoka nyuma. Mkewe alimkanyaga mguu.

Papa Édouard hakucheka. Alikuja katikati ya uwanja, akasimama mbele yangu, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka yote kwenye mageti ya watu.

“Bon. Maneno ya kununua yameisha. Sasa ninauliza mimi. Achille anatumika wapi? Chef yake ni nani? Unipatie numero yake, ninamuita sasa hivi, mbele ya hawa watu. Kama hana chef, munywe bia yenu, murudi Katoyi, na mutoto yangu anabaki hapa.”

Mama Apolline alinifinya kiunoni. Ilikuwa saa ya kukohoa. Nikamtazama Achille. Alikuwa amekaa na koti la kuazima, macho kwenye mawe, na nilijua kwamba nikitaja ONG yoyote tumekwisha. Papa Édouard anawajua walinzi wote wa Goma, na mlinzi anajua nani anaingia na nani hajaingia tangu mwaka jana. Angepiga simu moja tu, na Charline angebaki nyuma ya lile pazia akizeeka pamoja nalo. Nikisema ukweli kwa mdomo wangu, nani angeniamini? Mdomo wangu ulikuwa umeshaharibika bei mbele ya watu.

Basi nikachukua simu yangu. Nikatafuta jina, nikapiga, nikaweka sauti ya juu, nikampa Papa Édouard kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

“Chef wake huyu hapa, papa. Muulize mwenyewe.”

Simu ililia mkononi mwake. Na nyuma ya pazia la chumbani wimbo wa kwaya ukaanza kulia.

Watu walicheka kidogo, wakadhani imetokea tu. Wimbo ukakatika.

“Allô?” ilisema simu.

“Allô?” lilisema pazia.

Papa Édouard aliitazama simu. Alilitazama pazia. Mtu mwingine angekata. Lakini yeye ni mtu wa geti, na mtu wa geti akianza kuuliza hamwachi mtu njiani. Akajikohoza.

“Allô. Niko naongea na chef ya Achille Munezero?”

Niliomba Mungu ampe Charline akili upesi, na Mungu, ambaye siku nyingine ana mambo mengi, siku hiyo alikuwa karibu.

“Ndiyo, ni mimi,” Charline alisema, kwa ile sauti anayoiweka akiongea na hoteli za Gisenyi. “Nani anauliza?”

“Ni… ni baba ya bibi mwenye anataka kuoa.”

“Ah! Karibu, papa. Leo Achille nimemupa congé ya siku moja, iko na mambo ya familia. Kuna shida? Amefanya kosa huko?”

Jirani wa Kinande alianguka na kiti chake. Mama Apolline aliziba uso kwa kitenge, na kitenge kilikuwa kinatetemeka. Papa Édouard aliinua mkono kuomba kimya, akakipata nusu.

“Anachelewaka kazini?”

“Barrière ikifunguliwa anakuwa amefika, papa.”

“Anakunywaka?”

“Jumapili tu. Na anakunywaka kama mutu ya choir.”

“Ameshaiba?”

“Mara moja. Alichukua jibini nzima. Nilipomushika akasema ni ya kupelekea baba mukwe, ili amupende.”

Papa Édouard alikohoa. Jibini hilo tulilijua wote. Alikuwa amelisifu Mapendo nzima, akasema hivyo ndivyo mtu mwenye mshahara anavyoheshimu wakwe.

“Unamulipaka?” aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Kila Jumamosi, papa. Na mama Riziki, na Furaha, na wale vijana ya chukudu. Wote ninawalipaka. Na nyanya zenye mutakula hapo leo zinatoka kwa hiyo kazi, na hiyo turubai, na bia ya upande wetu.”

Hakuna aliyecheka hapo. Papa Édouard alitazama kreti kivulini kana kwamba mtu ameziweka sasa hivi. Alikaa na simu sikioni, ingawa sauti ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

“Charline,” alisema, akasahau kwamba anaongea na chef. “Na ma-ONG? Hayatarudi?”

“Sijue, papa. Yakirudi, tutayauzia jibini.”

Nilimwona Papa Édouard akiangalia geti lake mwenyewe, bati lile jekundu, kama mtu anayengoja gari lipige honi. Hakuna gari lililokuja. Nje ilipita chukudu yenye magunia, na kijana aliyekuwa juu yake akatusalimia kwa mkono bila kupunguza mwendo.

“Kontra,” Papa Édouard alisema mwishoni. “Nilisema mutoto yangu hatoki bila kontra. Huyu kijana iko na kontra?”

“Hapana, papa. Tunaingojea kwako.”

“Kwangu? Kontra gani?”

“Ya durée indéterminée,” lilisema pazia.

Hapo ndipo alipocheka. Kwanza mabega, halafu tumbo, halafu kofia ikadondoka. Ma-ONG yalimpa kontra za miezi mitatu mitatu maisha yake yote, na hakuwahi kuiona hiyo ya milele hata kwa macho. Alinirudishia simu, akamwinua Achille kwa kola ya koti la kuazima.

“Chef yako amekubali,” alimwambia. “Mimi ni nani nikatae? Lakini ukichelewa kwenye Barrière, ukimuletea aibu, utanikuta kwenye geti.”

Vigelegele vilipaa. Charline alitoka chumbani na mushanana yake, vazi letu la sherehe, na simu bado mkononi, hakungoja kuitwa, akaenda kusimama karibu na mfanyakazi wake. Mama Apolline alikuwa analia na kucheka. Bia zikaanza kufunguliwa bila amri ya mtu.

Na hapo Mzee Habumugisha akagonga fimbo juu ya jiwe.

“Binti ametoka, sikatae,” alisema. “Furaha ni ya wote. Lakini hapa kuna mutu ameharibu. Ameuzia wasemaji wawili maneno, mimi na mwenzangu, tumekuwa kama kasuku mbele ya wakwe. Amefanya bibi harusi aongee kabla ya kutolewa. Tangu nizaliwe sijaona. Kabla tukule, Dative atasimama, ataomba wazee pardon.”

Wazee walitikisa vichwa. Mzee Mbarushimana naye alikitikisa chake, taratibu, kwa sababu ya shavu.

“Omba tu, mutoto,” Papa Édouard alisema, bado anafuta machozi ya kicheko. “Tukule.”

“Pardon haina bei,” alininong'oneza Mama Apolline. “Sema, chakula kinapoa.”

Achille alinitazama kwa huruma. Charline hakunitazama kwa huruma. Alinitazama kama anavyowatazama akina mama wake asubuhi, kabla Barrière haijafunguliwa, kuona nani leo ana miguu ya kuvuka.

Nikasimama. Mzee Habumugisha nampenda, sitaki mtu adhani vingine. Alikuwa na haya usoni na haya hiyo ilitoka kwangu.

“Muzee,” nilimwambia, “maneno niliyokupa yalikuwa mabaya?”

“Yalikuwa mazuri. Si hiyo ninasema.”

“Na ya mwenzako?”

“Yalikuwa mazuri pia, ndiyo maana niliumia!”

“Basi kila mutu alipata alichonunua. Charline anauza Goma na anauza Gisenyi, na leo tumempigia vigelegele. Mimi nimeuza Katoyi na nimeuza Mapendo. Muzee, mji huu hauna kiwanda, hauna benki, una watu wanaojua kuvuka. Mimi ni mmoja wao. Keshokutwa una posa nyingine, najua, kwa sababu umeshaniita. Nitakutungia. Lakini sitakaa tena nyuma ya simu kukunong'oneza kama mwizi. Nitakaa mbele, na watu watajua nani ametunga.”

“Sawa, sawa,” alisema, akipunga mkono, “hayo tutaongea. Sasa sema pardon.”

“Hapana.”

“Kidogo tu, ya desturi.”

“Hata ya desturi, muzee. Siombi radhi.”

Nikakaa, nikavuta sahani ya ndizi, nikaanza kula.